Tulichangisha pesa za paa, sasa fundi anasema tuanze na kuta. Tubadili mpango?

MamaVitenge (Tanga)

Habari zenu jamani. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo na nimechoka kuyaeleza kwa ujumbe wa sauti.

Babu yetu mzaa mama alikuwa mfanyabiashara wa mbata. Alikuwa na shamba la minazi kusini ya mto Pangani. Ukishavuka kwa pantoni unapanda bodaboda kama dakika ishirini. Humo shambani kuna nyumba aliyoikuta imeshajengwa, wala hakuna anayejua aliyeijenga ni nani. Ni ya ghorofa moja, mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, juu yake babu akapiga mabati. Mlango wa mbele ni wa kuchonga, miimo yake ina minyororo na samaki. Ghorofani kuna chumba kirefu chembamba, dirisha linatazama mtoni. Likizo ya Desemba wajukuu kumi na wawili tulikuwa tunalala humo kwenye mikeka, tunashindana kuhesabu boriti kabla bibi hajazima karabai. Mimi nakumbuka zilikuwa thelathini na nne. Kaka yangu mkubwa mpaka leo anabisha kuwa ni thelathini na tano.

Bibi alipofariki nyumba ikabaki na mlinzi, mlinzi naye akaondoka. Upepo ukachukua nusu ya mabati, masika mbili zikapiga dari moja kwa moja. Upande wa magharibi umeota mtini pori juu ya ukuta, mizizi imeshuka mpaka chini kama nywele.

Basi mwaka juzi nikafungua kundi la WhatsApp, "Nyumba ya Babu". Tuko watu sitini na kitu: Tanga, Dar, Mombasa, Maskati, na wawili wako Leicester, Uingereza. Mpwa wangu anayesoma uchoraji wa majengo akatuchorea nyumba ikiwa mpya, kuta nyeupe pee, paa jekundu, mpaka mwembe aliuchora. Nikauweka ule mchoro kuwa picha ya kundi. Wallahi mchoro ule ndio uliochangisha, si mimi. Kwa miezi kumi na minne zimeingia shilingi 31,400,000. Kaka yangu huyo mkubwa, anayeishi Maskati, peke yake katoa milioni 12.

Kosa la kwanza ni langu. Nilimpa kazi mkandarasi mmoja wa mjini, akapiga lipu ya saruji upande wa mbele kwa milioni nne. Ilipendeza miezi mitatu. Mvua ya kwanza ikaanza kubanduka kama ganda la yai la kuchemsha, na kila kipande kikianguka kinaondoka na jiwe la babu mgongoni.

Ndipo tukamleta mzee mmoja fundi kutoka Unguja. Hakutoa futi wala kalamu. Alizunguka nyumba akiipiga kuta kwa kiganja na kusikiliza, kama mtu anayechagua tikiti maji. Alipofika magharibi akasimama. Akasema ukuta huu umetoka tumbo, mkiuwekea paa mnamvisha kilemba mtu asiyeweza kusimama. Ushauri wake: pesa yote iende kwenye kuta, nusu ya magharibi dari iliyooza ishushwe na ibaki wazi, nusu ya mashariki iezekwe makuti kwa sasa. Paa lenyewe la kudumu labda miaka mitano ijayo, Mungu akitupa uhai.

Nikaandika hayo kwenye kundi. Kukawa kimya siku nzima. Jioni kaka akajibu mstari mmoja: "Mimi nilitoa pesa ya paa. Kama hakuna paa nirudishiwe changu."

Swali langu ni hili. Ukishachangisha watu kwa jambo moja, unaweza kubadili mpango katikati? Na kuna mtu amewahi kuona nyumba kongwe ikaokolewa nusu, ikabaki wazi, na watu wakaridhika? Mchoro nimeshauondoa kwenye kundi, lakini kila mtu anao kwenye simu yake.

FundiMalindi (Unguja)

Dada, huyo mzee msikilize. Tikiti maji umenichekesha, lakini ndivyo tulivyofunzwa: ukuta mzima unalia kwa uzito, ukuta ulioachana ndani unalia kama debe.

Hiyo saruji itoe yote, hata sehemu ambayo bado imeshika. Itolewe kwa patasi, polepole, si kwa nyundo kubwa. Jiwe la matumbawe linanyonya maji na kuyatoa. Chokaa inaliachia lipumue, saruji inaliziba. Maji yakikosa njia yanakaa ndani pamoja na chumvi yake, chumvi inakauka na kusukuma, uso wa jiwe unageuka unga. Umeona mwenyewe.

Huo mtini usiung'oe! Watu wengi wanaua ukuta hapo. Ule mzizi sasa hivi ndio unaoshikilia mawe. Kata shina, acha mizizi ife, kisha itolewe kidogo kidogo huku tundu linajazwa mawe na chokaa. Chokaa iwe iliyozimwa na kukaa shimoni, si ya kukoroga asubuhi na kupiga mchana. Kabla ya masika mjifunikie vichwa vya kuta kwa chokaa nzito yenye mwinuko, maji yasituame juu. Huku kwetu Unguja, mahali panapoitwa Mtoni, kasri ya Sayyid Said alipozaliwa binti yake Bibi Salme mwaka 1844, iliungua 1914, na kuta nyingi bado zimesimama. Ukuta usio na paa unaishi. Usio na kofia ndio unaokufa.

La mwisho, na hili si la mzaha. Beit al-Ajaib ya hapa Unguja, jengo la 1883, Sayyid Barghash alilijenga, lilikuwa kwenye ukarabati, mafundi wako ndani, pesa ya Oman ipo. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ukaporomoka na watu wawili wakafa. Kwa hiyo ukuta uliotoka tumbo hausogelewi mpaka uwekewe mihimili ya kuuegemeza. Hata mpiga picha wa kundi lenu asisimame chini yake.

Na boriti mpya mkizihitaji, mikoko haikatwi tu, kibali kwanza.

Bwana_Kiwanja

Mama, uza. Eneo la kutazama mto, watalii wanalitafuta. Huo mlango peke yake una wateja Dar, mnagawana mnamaliza ugomvi. Nyumba imekufa hiyo.

MamaVitenge (Tanga)

Nyumba imekufa lakini mlango wake una wateja. Ahsante kwa rambirambi.

UkiwaSurrey

Dada MamaVitenge, mimi ni mtu wa Tanga pia, Ngamiani, ila niko huku Uingereza mwaka wa tisa, nahudumia wazee. Ninapofanyia kazi si mbali na Guildford, na jirani hapo kuna nyumba inaitwa Clandon Park. Nikisoma habari yako niliona kama nasoma ugomvi wa huku, tofauti yake nyie mna WhatsApp na wao wana magazeti.

Ni jumba la shambani la matofali mekundu, lilijengwa miaka ya 1720 na 1730 kwa ajili ya ukoo wa Onslow, msanifu wake Mtaliano, Giacomo Leoni. Mwaka 1956 likakabidhiwa National Trust, lile shirika la hisani linalotunza majumba na ardhi za zamani. Ukumbi wake wa marumaru ulikuwa na dari ya plasta ambayo watu walisafiri mbali kuja kuitazama. Tarehe 29 Aprili 2015 hitilafu kwenye ubao wa kugawia umeme chini ya nyumba ikawasha moto. Paa likaenda, sakafu zikaenda, dari ile ikaenda. Asubuhi yake zimebaki kuta na mabomba ya moshi, na chumba kimoja tu cha chini ambacho kwa maajabu kiliungua kidogo.

Sasa sikiliza mambo ya mpango. Januari 2016 Trust wakatangaza: tutavirudisha vyumba vikuu vya chini kama vilivyokuwa, ghorofani tutafanya sehemu za maonyesho. Watu wakafurahi, 2017 wakateuliwa wasanifu. Halafu wataalamu wakaingia ndani, wakakaa humo miaka, na mwaka 2022 Trust wakageuza maneno: hapana, vyumba hatuvijengi upya. Tutaweka paa, tutaweka njia za kupita juu kwa juu, nyumba ibaki mifupa yake nje, mtu aone ilivyojengwa.

Weee! Kilichofuata usiulize. Wapo waliosema mlilipwa bima ya nyumba, rudisheni nyumba. Wapo waliosema mkichonga upya mnatuuzia nakala, fundi wa 1730 hayupo. Mzee mmoja ninayemhudumia alikuwa akienda pale na mkewe kila majira ya kuchipua, na hilo jambo ukilitaja anaacha chai yake. Anasema: "Mifupa nitaiona yangu karibuni, nilitaka kuiona ile dari."

Mimi nimekwenda mara mbili. Ile mara ya pili nilitazama ukuta ambao zamani ulifunikwa plasta, ukaona fito nyembamba zilizopigiliwa moja moja, alama za shoka kwenye mbao, tofali lililokatwa vibaya likafichwa. Nikamkumbuka fundi aliyejenga choo chetu Ngamiani. Kwa hiyo mimi binafsi naona walikosea kutangaza 2016 kabla hawajajua wana nini mkononi, lakini hawakukosea kubadili. Lakini mimi sikuwahi kuiona dari. Yule mzee aliiona. Kaka yako wa Maskati alilala chini ya zile boriti, dada. Usimchukulie kama mtu wa pesa tu.

Kando kidogo: bustanini pale Clandon kuna nyumba ya Wamaori, Hinemihi, yenye nakshi kila nguzo. Onslow mmoja alikuwa gavana wa New Zealand, akaondoka nayo 1892 kwa pauni 50. Moto haukuigusa. Na mwaka 2019 walikubaliana kimsingi kuwa nakshi zake zirudi kwao. Nikiiona huwa nacheka, jumba la bwana limeungua, kibanda cha bustanini kinafunga safari ya nyumbani.

MwekaHazina_Mvita (Mombasa)

Dadangu, kuhusu kuta sina elimu. Kuhusu pesa za watu ninayo, tena niliipata kwa aibu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mweka hazina wa kamati ya msikiti mtaani kwetu. Tulichangisha kwa ajili ya mnara. Picha ya mnara tuliibandika mpaka kwenye maduka. Pesa zilipokaribia kutimia, mfereji wa maji machafu ukapasuka chini ya sehemu ya kutawadhia, ukuta wa nyuma ukaanza kulowa. Kamati tukakaa watu saba tukaamua mnara ungoje, tutengeneze mfereji na vyoo. Uamuzi ulikuwa sawa kabisa. Kosa letu tuliuamua watu saba. Ijumaa iliyofuata mzee mmoja alisimama baada ya swala akauliza kwa upole: "Ile shilingi elfu yangu ya mnara mumeiweka kwenye choo kipi, nikaitazame?" Msikiti mzima ukaangua kicheko, na mimi ndiye nilikuwa nimekaa safu ya mbele.

Kwenye wakfu sharti la mtoaji linashika. Hii yenu si wakfu, ni mchango, lakini watu wetu wanaihesabu kwa mizani ile ile. Kwa hiyo jibu langu: mpango unaweza kubadilika, lakini wenye kuubadili ni waliotoa. Mwandikie kila mmoja peke yake, si kwenye kundi, maana kwenye kundi anayepiga kelele ndiye anayehesabika. Mpe njia tatu. Pesa yake iende kwenye kuta, au ikae kando kungoja paa, au arudishiwe. Na yule anayetaka kurudishiwa arudishiwe wiki hiyo hiyo, bila maneno, bila mama yenu kupiga simu akilia. Ukimrudishia mmoja upesi, kumi watakuachia zao.

Zile milioni nne za saruji ziandike. Usizifiche ndani ya "gharama mbalimbali". Sema: zimepotea, kosa ni langu, hizi hapa risiti.

Na kwa kuwa ndugu wa Surrey amefungua mlango wa Uingereza, kuna jambo la kujifunza huko. Tyntesfield, karibu na Bristol, ni jumba la ukoo wa Gibbs, waliotajirika kwa mbolea ya kinyesi cha ndege kutoka Peru (ndiyo, kinyesi, na jumba lina kanisa lake). Bwana wa mwisho alifariki 2001 bila mke wala mtoto, ikawa linataka kuuzwa vipande vipande. Mwaka 2002 umma ukachanga zaidi ya pauni milioni 8 kwa muda usiozidi miezi minne, na mfuko wa taifa wa urithi ukatoa pauni milioni 17.4. Lakini zile zilikuwa pesa za kununua. Matengenezo yakawa na hesabu yake na michango yake baadaye. Paa lilipofungwa jukwaa la mabomba, waliwapandisha wageni wakaone mafundi wakifanya kazi.

Wentworth Woodhouse, kule Yorkshire, hivyo hivyo. Uso wa nyumba una mita 185 hivi, vyumba vinapita 300. Makadirio ya ukarabati yalikuwa pauni milioni 42. Ukimwonyesha mtu hesabu hiyo anafunga pochi. Mwaka 2017 shirika la hisani la hifadhi likainunua kwa pauni milioni 7, serikali ilikuwa imeahidi pauni milioni 7.6 kwa yale ya haraka tu, wakaanza na kuzuia maji. Basi. Mapambo ya ndani yangoje.

Ulichokosea wewe, dadangu, ulichangisha kwa picha ya mwisho wa safari. Changisha kwa kipande. "Tunatafuta laki sita za kufunika kichwa cha ukuta wa magharibi kabla ya masika." Mtu wa Leicester hiyo anaielewa, na ikikamilika unampelekea picha yake.

Kuhusu mlango: sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ni ya 1964, na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940 imetajwa humo. Kwa hiyo Bwana_Kiwanja awaulize kwanza wateja wake wa Dar kama wana kibali.

Bwana_Kiwanja

Nimeuliza tu jamani.

MamaVitenge (Tanga)

Nimerudi baada ya wiki sita, nisionekane nimekula ushauri nikalala.

Nilikaa siku tatu dukani, kati ya wateja, nikawaandikia watu sitini na wawili, mmoja mmoja. Niliiweka risiti ya saruji kama mlivyosema. Hiyo ndiyo meseji iliyonipa shida kuliko zote, niliifuta mara nne. Ajabu yake, wengi walijibu hiyo na si ile ya njia tatu. Shangazi mmoja wa Mombasa aliandika: "Kumbe na wewe unakosea, nilidhani ni sisi tu." Tangu hapo ananitumia elfu ishirini ishirini, anasema ni za chokaa.

Waliosema kuta ni arobaini na wanane. Tisa wanangoja paa, zao nimezifungulia akaunti yake. Wawili waliomba kurudishiwa na nimewarudishia siku ile ile. Mmoja wao amezirudisha tena, mwingine hapana, na ni haki yake. Watatu hawajajibu, nadhani walishabadili namba. Na kaka.

Kaka sikumwandikia, nilimpigia. Nilimsimulia ile habari ya mzee wa Surrey na dari yake. Akanyamaza, nikasikia televisheni tu. Kisha akasema hana haraka na pesa, ila hataki kuiona nyumba ya babu kama gofu la watalii. Sikumwambia kuwa atazoea. Nilimwambia nusu ya mashariki itaezekwa na akija Desemba atalala humo. Akasema makuti yana nge. Nikamwambia hata zamani nge walikuwepo.

Kazi imeanza. Mtini umekatwa shina, ukuta umewekewa mihimili sita ya minazi tuliyoikata hapo hapo shambani. Shimo la chokaa limechimbwa mbali na kisima, kijana mmoja wa kijijini kazi yake ni kuligeuza na kuliwekea maji, na mzee fundi hamruhusu kulisogelea akiwa na sigara, sijui ni mambo ya kitaalamu au ni ukali wake tu. Saruji imetolewa yote. Chini yake kulikuwa na rangi ya zamani, buluu iliyofifia kama ya kanga iliyofuliwa sana. Hakuna aliyejua kuwa nyumba ile iliwahi kuwa buluu, hata mama.

Juzi walishusha dari ya magharibi. Boriti zilizooza zimelazwa chini ya mwembe, nzima tumezitenga. Nilipokuwa naondoka kuwahi pantoni nikamwomba mzee anihesabie matundu ya boriti ukutani, kote, magharibi na mashariki. Alipanda ngazi, akahesabu kwa kidole kwenda na kurudi. Thelathini na tano.

Nimemtumia kaka picha ya ukuta na ujumbe wa sauti, nikamwambia kapata yeye. Tiki mbili zimekuwa za buluu tangu jana usiku. Bado hajajibu.